Mimi Niko Wapi kwa Hiyo Sentensi?

Wanangu mnaoanza ualimu, hebu niwape maisha yangu ya kazi kwa sentensi moja. Niliajiriwa, nikatumwa Sagana, nikahamishwa Murang'a, nikahamishwa tena Kiganjo, nikapandishwa cheo, nikasahauliwa, nikastaafishwa. Mmeona? Hakuna hata mahali pamoja ambapo mimi mwenyewe nilitenda kitu. Mwalimu huishi katika kauli ya kutendwa tangu barua ya kwanza hadi ya mwisho, ndiyo maana nacheka nikisikia mwalimu kijana akilalamika kwamba kauli hiyo ni ngumu kufundisha. Mfano si ni wewe mwenyewe?

Aliyenilalamikia ni Kelvin, kijana anayefundisha Kiingereza katika shule ya hapa chini. Tulikutana dukani nikinunua mkate.

"Mwalimu Wafula, hawa watoto wamenishinda," akaniambia. "Active na passive nimewapea notes, nimewapea exercise, formula yote wanajua. Lakini akiandika compo, anaandika ati 'I was stolen my phone.' Sasa hiyo ni nini?"

"Hiyo ni Kiswahili safi," nikamjibu.

Alicheka akidhani ni mzaha. Sikuwa nikifanya mzaha, ila nyuma yetu kulikuwa na mama aliyetaka mafuta ya taa, na mwenye duka alikuwa ameanza kutukazia macho. Nikamwahidi Kelvin kwamba nitamwandikia, yeye na wenzake. Nafasi ninayo. Mke wangu, Wangari, alifariki mwaka jana, na tangu hapo meza ya jikoni imekuwa yangu peke yangu. Nitafika huko kwa Wangari mwishoni, kwa hivyo mnivumilie nikizunguka kidogo. Mzee hajui njia ya mkato.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilipanda huku mlimani nikiwa na cheti kipya na koti jepesi, na baridi ya hapa ilinifundisha adabu kabla ya mwalimu mkuu. Kauli ya kutendwa nilifundisha jinsi nilivyofundishwa. Chukua kinachotendwa, kipeleke mbele. Tia "was". Geuza kitenzi. Andika "by". Mtenda mfunge mkiani. "Njoroge ate the chapati" ikawa "The chapati was eaten by Njoroge." Wanafunzi waligeuza sentensi ubao mzima bila kukosea, nami nikajiona mwalimu hodari, mpaka siku msichana mmoja aliponiuliza, "Lakini mwalimu, ni nani huongea hivyo?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukifika nyumbani na njaa ukute chapati haipo, hutangazi kwamba chapati imeliwa na Njoroge. Unamwita Njoroge. Kwa hivyo, kabla hujamwambia mtoto ageuze sentensi, mpe sababu ya kuigeuza. Tukisema "Njoroge ate the chapati," habari yetu ni Njoroge na tumbo lake. Tukisema "The chapati was eaten," habari yetu ni chapati, na pengine ni mimi niliyekuwa naisubiri. Anayekaa mbele ya sentensi ndiye tunayemjali kwa wakati ule. Mkilifahamu hilo peke yake, mtakuwa mmefundisha zaidi ya nusu ya somo.

Sasa mchukue kuoa na kuolewa. Nilipojenga hapa Kiganjo badala ya kurudi kwetu, marafiki zangu wa Bungoma walisema, "Wafula ameolewa huko." Walitaka nione aibu. Nilimweleza Wangari akiwa anamenya viazi, akaangua kicheko mpaka kisu kikaanguka.

"Si ni ukweli?" akasema. "Kwani nani anakuchagulia soksi? Umeolewa vizuri, nyamaza."

Tangu siku hiyo, akitaka nimletee kitu kutoka sokoni aliniita "bibi yangu", hata mbele ya wageni. Kiingereza hakina utani huo. Wangari married Wafula, Wafula married Wangari, zote ni sawa na hujui nani alimchukua nani. Ila mtoto akichukua "dada yangu aliolewa na Kamau" na kuandika "My sister was married by Kamau," Mwingereza atadhani Kamau ni mchungaji aliyefungisha ndoa. Kuna msichana aliandika hivyohivyo, nami nikamwuliza kama huyo Kamau ni pasta. Akanitazama kwa huruma. "Apana mwalimu, ni Kamau wa boda."

Jirani yangu Sajini Mutua, mtu wa Machakos aliyestaafu polisi, alikuwa anaipenda kauli ya kutendwa kupita kiasi. Ripoti zake zote zilikuwa hivyo. "The door was found broken. A jembe was recovered." Nikimchokoza, ilipatikana na nani, ilivunjwa na nani, alikuwa akinijia juu. "Mwalimu, usiniletee maneno. Kama sijui nani alivunja, niandike nani? Nikuandike wewe?" Na alisema kweli. Usipomjua mtenda, kauli ya kutendwa ni uaminifu. Lakini mwanafunzi akikuambia "The window was broken, sir," huku mpira uko chini ya sweta yake, hapo ni maficho. Wafundisheni watoto kutofautisha hayo mawili, kwa sababu gazeti halitawafundisha.

Aliyenifundisha mimi kazi hii ni Madam Desai. Ndiye aliyekuwa mkuu wa Kiingereza katika ile shule ya kutwa upande huu wa Kiganjo nilipoletwa. Ukoo wao umeuza vitambaa na nyuzi mjini Nyeri tangu enzi za babu yake, na kila Jumamosi ungemkuta kaunta na futi shingoni. Alikuwa mfupi, lakini akifokea darasa, waliokuwa uwanjani walisimamisha mpira. Siku moja aliingia darasani kwangu, akanisikiliza nikiimba formula yangu, akaguna. Kisha akavuta kiti changu mwenyewe na kukiweka katikati mbele ya darasa.

"Hii ni kiti ya subject," akasema. "Kila sentensi iko na kiti moja tu huku mbele. Nani anakaa?"

Akamwita mvulana aitwaye Otieno, akampa mpira. Otieno kicked the ball: Otieno akakaa kitini, mpira miguuni. The ball was kicked by Otieno: mpira ukawekwa kitini, Otieno akasimama nyuma yake na kipande cha karatasi kilichoandikwa "by". Watoto wakaanza kufurahi. Halafu Madam akamwambia Otieno, "Toka nje. Funga mlango."

Otieno akatoka.

"The ball was kicked," Madam akasema. "Sentensi imeanguka?"

"No, Madam!"

"Haijaanguka. Lakini Otieno amekufa?"

"No, Madam! Ako nje!"

"Basi mkumbuke hiyo. Mtu aliyefanya kitu hapotei. Ako tu nje ya mlango."

Somo likaendelea kwa raha mpaka tukamsahau Otieno huko nje kwenye manyunyu, akaanza kugonga. Niliitumia hiyo mbinu ya kiti maisha yangu yote ya kazi. Siku hizi mna skrini na projekta, na sisemi ni mbaya, lakini mtafutieni mtoto kiti.

Sasa nifike kwa Muthoni, ambaye kwa ajili yake nimekubali kuandika haya yote.

Alikuwa kidato cha pili, binti mpole aliyekaa karibu na dirisha, na hakuna mwanafunzi niliyependa kusahihisha daftari lake kama yeye. Alikuwa anaishi na mama yake tu. Shule zilipofungwa mama aliugua, na kabla hazijafunguliwa akawa ameshazikwa kwao Murang'a. Darasani hakuna aliyejua, mimi pia sikujua. Nilikuwa nimewapa insha ya likizo, na kwa desturi yetu kila mmoja alisimama akasoma mwanzo wa yake. Zamu ya Muthoni ilipofika, alisimama akashika daftari kwa mikono miwili, akasoma: "This holiday I was died by my mother."

Darasa likacheka. Kicheko kilianzia kwa Kariuki, mvulana wa nyuma ambaye kila kitu kilianzia kwake. "Ati was died!" Kikazunguka chumba kizima, kisha kikaanza kuzima chenyewe, kwa sababu Muthoni hakukaa. Alibaki amesimama akingoja kuendelea kusoma, na mmoja mmoja wakaanza kuelewa maneno waliyoyacheka.

Mimi nilikuwa nimeelewa tangu mwanzo. Nilifiwa na mama. Ndilo neno lililokuwa moyoni mwake, na akalipeleka Kiingereza kwa uaminifu wote: ni-, "I was", -fiwa, "died", na, "by". Kila kitu alichofanya ni kile nilichomfundisha.

Nikamwendea polepole. "Pole sana, Muthoni. Pole sana. Kwa Kiingereza huwa tunasema 'My mother died.'"

Alilitazama tena daftari lake. "Hiyo ni ya mamangu, mwalimu."

"Ndiyo."

"Mimi niko wapi kwa hiyo sentensi?"

Nikatafuta. "Unaweza kusema 'I lost my mother.'"

"Lakini sikumpoteza," akasema. Hakuwa anabishana, alikuwa ananieleza tu. "Nilijua mahali alikuwa. Nilikuwa na yeye hospitali siku zote."

Nikampa la mwisho nililokuwa nalo. "'I was bereaved.'"

"Hapo mimi niko, lakini sasa mamangu hayuko."

Kengele ikalia. Wanafunzi wakatoka, nami nikabaki na chaki mkononi nikitazama ubao. Fikirini. Kufa ni kitendo ambacho Kiingereza humwachia aliyekufa peke yake. Hakikubali kabisa kukiweka katika kauli ya kutendwa. Kiswahili kinakubali, na Kigĩkũyũ cha mama yake kinakubali, na Kibukusu cha kwetu pia kinakubali. Katika "nilifiwa na mama" mimi nipo na mama yupo, kifo kipo katikati yetu, na wala hakuna aliyempoteza mwenzake. Nilifundisha Kiingereza miaka mingi nikidhani kwamba lugha kubwa haikosi neno.

Baada ya siku hiyo Muthoni aliacha kuandika. Hakuwa mkaidi. Alinakili mazoezi, alijibu maswali ya ndiyo na hapana, ila insha alinipa kurasa tupu zenye jina lake na kichwa cha habari. Nikimwita aliniambia, "Zinakataa kuanza, mwalimu." Shangazi yake, ambaye ndiye aliyebaki kuwa mlezi wake ingawa Muthoni alikuwa akilala kwa jirani ya mama yake ili asome, akaja shuleni kutoka Murang'a akiwa na uso wa mtu aliyeamua.

"Mwalimu, mimi sina ubaya," akasema. "Lakini nimeambiwa haandiki. Kama haandiki, anakaa hapa kufanya nini? Heri niende naye tuuze ndizi, angalau atakuwa karibu na watu wake."

Nilimsihi aniachie mtoto mpaka mwisho wa muhula. Akakubali shingo upande. Nilikuwa na hofu kweli, niwaambie wazi. Niliona binti mwenye kipawa akitolewa shule kwa sababu ya sentensi moja ambayo sikuweza kumpa.

Jumamosi nikapanda kwenda Nyeri mjini kwa Madam Desai. Alikuwa ameshastaafu na sasa alishinda dukani kila siku. Nilimsimulia yote huku akimpimia mteja lesi, wala hakunitazama, mpaka nilipotaja kwamba mama wa huyo binti alikuwa akifuma sweta kwa mashine nyumbani. Hapo akaweka mkasi chini.

"Mama wa uzi ya kijani," akasema. "Amekufa?"

"Amekufa, Madam."

Alikaa kwenye kigoda chake. "Kila mwaka karibu na kufunguliwa shule anakuja hapa. Anachagua kijani mpaka nachoka. Anabeba uzi anatoka nayo nje kwa jua, anarudi, anasema hii siyo, hii imepauka. Nikamwambia mama, ni sweta ya shule tu, nani anaangalia? Akaniambia, mtoto akisimama parade na kijani tofauti, yeye ndiye anaangaliwa." Akainua macho. "Wafula, shule yetu inavaa kijani gani?"

"Kijani hichohicho, Madam," nikasema.

"Sweta zake alikuwa anapelekea mama mmoja wa kibanda sokoni, huyo ndiye anauzia wazazi. Na kila mara ananunua uzi nyeupe, kidogo tu. Nikamwuliza ya nini. Akasema asubuhi kuna giza, watoto wanavaa sweta nyuma mbele. Anaweka kauzi keupe ndani ya kola, huku nyuma, mtoto ajue mgongo iko wapi." Akanielekezea futi kama alivyokuwa akinielekezea rula zamani. "Wewe umeweka hao watoto wote kwa kiti. Mwenye kuwafumia ako wapi?"

"Nje ya mlango," nikasema.

"Sasa unangoja agonge?"

Nilirudi nyumbani nikamweleza Wangari. Aliingia chumbani akaleta sweta ya shule ya binti yetu, ambaye pia alisoma pale, akakunja kola. Kauzi keupe kalikuwa pale, kadogo, kamefungwa vizuri. Wangari alikaa na ile sweta mapajani kwa muda mrefu.

"Huyu mama amenivalishia mtoto," akasema, "na sijawahi kumwambia hata asante."

Jumatatu asubuhi nilimngoja Muthoni langoni. Jambo hili msilikose, ninyi vijana: msifanye huzuni ya mtoto kuwa somo bila ruhusa yake. Nilimweleza nilichojua na nilichotaka kufanya. Alisikiliza akichora ardhi kwa ncha ya kiatu. "Sawa," akasema. "Lakini usiniambie nisimame."

Niliweka kiti mbele, nikaweka juu yake sweta ya binti yangu, nikaandika ubaoni: "My sweater was knitted." Nikauliza, by whom?

"By a machine!" akasema mmoja. "By the shop!" akasema mwingine. Msichana wa mbele akasema, "I was bought my sweater by my father," nami nikamsifu, kwa sababu "nilinunuliwa sweta" ni mojawapo ya zile sentensi chache ambazo Kiingereza huzikubali. Lakini baba alinunua tu. Nani alifuma? Nikawaambia wavue sweta wakunje kola. Walinung'unika, maana baridi ya asubuhi hapa haina utani, lakini wakavua.

"Kuna uzi nyeupe!"

"Hata yangu!"

"Mwalimu, yangu haina."

"Yako ni ya Nairobi, wewe."

Kariuki alikuwa amegeuza yake yote ndani nje. "Mwalimu, hii ni ya nini?"

Sikumjibu, na sikutazama upande wa dirishani. Nilikwenda mlangoni nikaufungua wazi. Baridi ikaingia, na hakuna aliyesema niufunge.

"Ni ya kujua mgongo iko wapi," sauti ikasema.

Muthoni alikuwa amesimama. "Asubuhi kukiwa na giza. Ndiyo usivae nyuma mbele." Kisha akatoka mahali pake, akaja mpaka kwenye kiti, akaweka mkono juu ya ile sweta na kulitazama darasa lote lililoshika sweta mikononi likitetemeka. Akasema kwa Kiingereza, polepole, bila kosa lolote: "Your sweaters were knitted by my mother."

Wakaanza kuvaa, mmoja mmoja, wakitafuta kauzi keupe kwanza. Kariuki ndiye aliyechelewa. Sweta ilikuwa bado mapajani mwake alipoinua mkono, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, nikitaka kusema nimevalishwa na mamake Muthoni?"

Nikampa chaki. Akaja akaandika ubaoni kwa ule mwandiko wake mbaya: "I was dressed by Muthoni's mother." Mwingereza akisoma atadhani huyo mama alimwingiza mikono kwenye sweta kama mtoto mchanga. Kariuki akanigeukia. "Ni sawa?"

"Ni sawa," nikasema, na kalamu nyekundu ikabaki mfukoni.

Akamgeukia Muthoni. "Pole," akasema. "Hatukujua." Halafu akarudi kwake akavaa sweta.

Wiki ile Muthoni alinipa insha iliyojaa kurasa. Ilikuwa juu ya mama yake, na mama yake alikuwa mtenda karibu katika kila sentensi: she knitted, she walked, she argued about green, she sang when the machine jammed. Ilianza na maneno yaleyale, I was died by my mother. Nilimwita tukae. Nikamwambia, katika mtihani wa taifa ukiandika hivi utapoteza alama, nami sitaki upoteze.

"Najua, mwalimu," akasema. "Kwa mtihani nitaandika ya examiner. Hii nimeandika yangu."

Nikaiacha. Shangazi alipokuja mwisho wa muhula nilimsomea ile insha, nikimtafsiria. Akajifuta macho kwa kona ya leso, akapanda gari kurudi Murang'a peke yake. Muthoni akamaliza shule, akasomea uuguzi, na sasa ni muuguzi hukohuko Murang'a.

Kwa hivyo, Kelvin, mtoto akikuandikia "I was stolen my phone," msahihishe. Mwambie kwamba Kiingereza huiweka simu kitini, kwamba atasema "My phone was stolen." Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kufanya. Lakini kabla hujachora mstari mwekundu, jua anachotafuta. Anataka kuwa ndani ya sentensi, kwa sababu yeye ndiye aliyeumia. Mwonyeshe pa kukaa: "Someone stole my phone," "I had my phone stolen," chochote ambacho kitambakiza pale. Usimwondoe kitini halafu umpe alama za kutokosea.

Wangari alipofariki, watu walikuja wengi. Wanafunzi wangu wa zamani walijipanga kunipa mkono, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wao wa Kiingereza, walinipa pole kwa Kiingereza kizuri. Sorry for your loss, Mwalimu. She has gone to rest. She was called home. Nilishukuru kila mmoja. Hapakuwa na kosa hata moja la kusahihisha. Wangari alikaa mbele ya kila sentensi, amekwenda, ameitwa, amepumzika, nami nilisimama pale na suti yangu nikiwa sijui niko wapi. Watu walisema, mzee amejikaza. Sikuwa nimejikaza. Sikuwa nimefikiwa na neno lolote.

Kisha mstari ukasogea, na mbele yangu akasimama mama mzima mwenye mwili, ameshika mtoto wake mkono. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, vile alivyokuwa akishika daftari. Hata kabla hajasema nilijua ni Muthoni. Aliinama karibu na sikio langu.

"Mwalimu," akasema, "you were died."

"By Wangari," nikasema.

"By Wangari."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali, kwa sababu hatimaye mimi na Wangari tulikuwa ndani ya sentensi moja.